Utunze Mmea Wako wa Ndani, Usifuge Mbu

Tembea mitaa ya Kisauni, Likoni, Changamwe au Mji wa Kale na utauona mmea mmoja ukijitokeza tena na tena. Majani yake yana umbo la moyo, ni ya kijani yenye mabaka ya manjano, na huning'inia kutoka kwenye roshani, juu ya kabati la vyombo, kwenye kaunta ya duka la M-Pesa au dirishani mwa kinyozi. Wauzaji wa miche kando ya barabara huuita "money plant". Jina lake la kisayansi ni Epipremnum aureum, na wakulima wa maua huuita pothosi.

Umaarufu wake una sababu. Hauhitaji shamba wala ua. Mpangaji wa chumba kimoja katika ghorofa ya nne anaweza kuanza na kipande kimoja alichopewa na jirani, akakitia ndani ya chupa ya maji, na baada ya miezi michache akawa na mmea unaopendezesha ukuta mzima. Hauchagui sana mwanga, husamehe mwenyeji aliyesahau kuunywesha, na joto la Pwani haliusumbui.

Hata hivyo, mmea huu huu unaweza kuleta shida nyumbani usipotunzwa kwa uangalifu. Chupa ya maji inayokaa wiki tatu bila kubadilishwa ni mahali pazuri pa mbu kutagia mayai, na mbu anayependa vyombo vya aina hiyo ndiye anayeeneza homa ya dengue na chikungunya. Pia, utomvu wa majani yake huwasha na unaweza kumuumiza mtoto anayeyatafuna. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuustawisha mmea huu ndani ya nyumba na jinsi ya kuziepuka hatari hizo mbili.

ASILI YAKE

Pothosi asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Bahari ya Pasifiki, kwenye visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa. Kutoka huko umesambazwa na watu hadi karibu kila nchi yenye joto. Porini hupanda miti mikubwa kwa kutumia mizizi ya hewani inayoshika gome, na unaweza kufika urefu wa mita 20. Ukiwa juu ya mti, jani moja linaweza kukua hadi karibu mita moja. Ndani ya nyumba, ukiwa umeachwa uning'inie, majani hubaki madogo kama kiganja au chini ya hapo.

Hilo ni jambo la kukumbuka kwa anayetaka majani makubwa. Mmea unaopanda juu hutoa majani mapana zaidi kuliko unaoteremka. Gongo lililozungushiwa makumbi ya nazi na kuloweshwa mara kwa mara hutosha kuupa mahali pa kushika. Anayetaka mashada marefu yanayoteremka kutoka kwenye rafu atauacha uanguke wenyewe.

Mmea huu ni nadra sana kutoa maua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwili wake hautengenezi vya kutosha homoni iitwayo jibirelini, ambayo mimea huihitaji ili kuchanua. Kwa hivyo anayeuona haujachanua kwa miaka mingi asidhani umekosa mbolea. Huzidishwa kwa vipandikizi, na ndiyo maana umesambaa kutoka nyumba hadi nyumba bila mbegu hata moja.

MAHALI PA KUUWEKA

Mmea huu hupenda mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Dirisha linalotazama mashariki hufaa sana kwa sababu jua la asubuhi si kali. Dirisha linalotazama magharibi hupokea jua la alasiri, ambalo kwa Mombasa linaweza kuunguza majani na kuyaachia mabaka ya kahawia yanayokauka kama karatasi. Hapo, usogeze mmea mita moja au mbili ndani ya chumba, au uweke pazia jepesi.

Nyumba za vichochoro vya Mji wa Kale na vyumba vya ghorofa zilizobanana mara nyingi huwa na giza. Pothosi huvumilia giza hilo, lakini hukua polepole, shina hurefuka na majani huwa machache yaliyo mbalimbali. Mabaka ya manjano nayo hufifia, jani likabaki kijani kitupu. Hiyo ni njia ya mmea kujitafutia chakula, kwa kuwa sehemu za manjano hazina rangi ya kijani inayotumika kunasa mwanga. Mmea ukisogezwa karibu na mwanga, majani mapya huweza kurudi na mabaka yake. Majani yaliyokwisha kuwa kijani hayabadiliki.

Wakati wa kaskazi, joto linapopanda na upepo kukausha udongo wa roshani upesi, mmea ulio nje unahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi. Wakati wa kusi hali huwa nafuu, ila upepo mkali unaweza kuvunja mashina marefu. Wanaoishi karibu na bahari wafute majani kwa kitambaa chenye maji safi kila baada ya wiki mbili, kwa sababu upepo huleta chumvi inayoganda juu ya majani. Kufuta huko pia huondoa vumbi linalozuia mwanga.

KUNYWESHA: KIDOLE NDICHO KIPIMO

Mimea mingi ya ndani haifi kwa kiu bali kwa maji mengi. Udongo unapolowa siku zote, mizizi hukosa hewa, huoza, na mmea hauwezi tena kunyonya maji hata ukiwa umesimama ndani yake. Mwenye nyumba akiona majani yamelegea, hudhani una kiu na kuongeza maji. Hapo ndipo anapoumaliza.

Njia rahisi ni kutumbukiza kidole ndani ya udongo hadi kwenye kifundo cha pili. Kidole kikitoka kikavu, nywesha. Kikitoka na udongo unaonata, ngoja. Ndani ya nyumba nyingi za Pwani hiyo huwa ni mara moja kwa wiki au pungufu, na mara mbili wakati wa joto kali. Unaponywesha, mimina maji mpaka yatoke kwenye tundu la chini ya chombo, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani.

Wakazi wanaopata maji kwa mgao hawana haja ya kuutumilia mmea maji ya kunywa. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa, mradi hayana chumvi wala sabuni. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi pia ni mazuri kwa mimea kwa kuwa hayana chumvi, ingawa si ya kunywa. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za kisiwa na mwambao huwa na chumvi, na mmea unaonyweshwa maji hayo kila siku huanza kukauka ncha za majani. Ikiwa hakuna maji mengine, changanya ya kisima na ya mvua, na mara moja kwa mwezi umimine maji matamu mengi ili kuisafisha chumvi iliyojikusanya katika udongo.

UDONGO NA CHOMBO

Udongo unaofaa ni ule unaopitisha maji upesi lakini ukabaki na unyevu kiasi. Mchanganyiko unaopatikana kwa urahisi Pwani ni sehemu mbili za udongo wa shamba, sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa, na sehemu moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa. Makumbi yaoshwe kwanza kwa maji matamu, kwa sababu mengi huwa yamelowekwa au kurundikwa karibu na maji ya chumvi. Samadi mbichi isitumike, huunguza mizizi na kuleta nzi ndani ya nyumba.

Mchanga wa ufuoni usichanganywe. Una chumvi, na kuuchota ufuoni huharibu fuo zenyewe.

Chombo chochote kinafaa mradi kiwe na tundu chini: kopo la mafuta ya kupikia, ndoo iliyopasuka, mtungi wa lita 5 uliokatwa au chungu cha udongo. Wengi huamini kwamba kokoto zikiwekwa chini ya chombo kisicho na tundu zitasaidia. Hazisaidii, kwa kuwa maji hujikusanya palepale chini na mizizi huyafikia. Toboa matundu matatu au manne kwa msumari uliopashwa moto, kisha weka kisahani chini yake.

Mmea uhamishiwe chombo kikubwa zaidi pale mizizi inapoanza kutokeza kwenye matundu ya chini, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Chombo kipya kizidi cha zamani kwa upana wa vidole viwili hivi. Chombo kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na kuoza huanzia hapo.

MBOLEA NA KUPOGOA

Pothosi haina uroho wa mbolea. Konzi moja ya samadi iliyooza juu ya udongo kila baada ya miezi mitatu inatosha. Anayetumia mbolea ya dukani afuate maelekezo ya kwenye pakiti na atumie nusu ya kiasi kilichoandikwa kwa mimea ya nje. Mbolea iwekwe kwenye udongo ulio na unyevu, si udongo mkavu.

Shina likirefuka na kubaki tupu huku majani yakiwa nchani tu, likate. Mmea hutoa machipukizi mapya chini ya pale ulipokatwa na kuwa na shada nene zaidi. Vipande vilivyokatwa visitupwe, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa mmea mwingine.

KUZIDISHA KWA VIPANDIKIZI

Tazama shina kwa makini. Mahali kila jani linapotokea pana uvimbe mdogo uitwao kifundo, na mara nyingi kuna kidude cha kahawia kinachochomoza hapo. Hicho ni mzizi wa hewani. Kipande kisicho na kifundo hakitaota mizizi hata kikae ndani ya maji mwaka mzima. Jani peke yake pia halitoshi.

Kata kwa kisu safi au mkasi, chini kidogo ya kifundo, kipande chenye vifundo viwili au vitatu. Ondoa jani la chini ili lisizame na kuoza. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda moja kwa moja katika udongo au mchanga wa mto wenye unyevu, kifundo kimoja kikiwa kimefukiwa. Ya pili ni kutia ndani ya maji, ambapo mizizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye udongo.

Njia ya maji ndiyo inayopendwa na wengi kwa sababu mizizi huonekana. Ndiyo pia inayohitaji tahadhari kubwa zaidi.

CHUPA YA MAJI NA MBU

Mbu aina ya Aedes aegypti hahitaji dimbwi wala mtaro. Hupenda maji yaliyotuama ndani ya vyombo vya nyumbani: mapipa, mitungi isiyofunikwa, matairi, vifuu vya nazi, visahani vya maua na chupa za mimea. Mbu huyu huishi karibu na watu na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo neti ya usiku, ingawa ni muhimu sana dhidi ya malaria, haitoshi kumkinga mtu naye.

Mombasa inaufahamu vyema ugonjwa anaoueneza. Milipuko ya homa ya dengue, ambayo kamusi za Kiswahili huiita kidingapopo, ilirekodiwa miaka ya 2013 na 2014, ikarudi mwaka 2017, na tena mwaka 2021. Chikungunya nayo, inayoenezwa na mbu huyohuyo, ilizuka kati ya mwisho wa 2017 na 2018 na kuwaacha wagonjwa wengi na maumivu ya viungo yaliyodumu kwa muda mrefu. Mwaka 2022, mbu mwingine anayezaliana katika matangi na vyombo vya maji, Anopheles stephensi, aligunduliwa katika Kaunti ya Marsabit. Huyo hueneza malaria na humudu kuishi mijini.

Mbu jike wa Aedes hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hushika kama gundi. Maji yakipanda na kuyafikia, huanguliwa na kuwa viluwiluwi. Katika joto la Pwani, safari kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku saba hadi kumi. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa chombo kitakapojazwa tena.

Maelezo hayo yanaonyesha kwa nini kuongezea maji juu ya yale ya zamani hakusaidii, bali huyafikishia mayai maji yaliyokuwa yakiyasubiri. Hata kumwaga peke yake hakutoshi ikiwa chupa haikusuguliwa. Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Chagua siku moja ya wiki, kwa mfano Ijumaa au Jumapili, na usiipitishe. Siku saba ndiyo mwisho.

2. Toa mmea na uisuuze mizizi kwa maji safi. Mizizi iliyogeuka kahawia na kulainika ikatwe.

3. Mwaga maji ya zamani juu ya udongo mkavu unaopigwa na jua. Yasimwagwe mtaroni wala ndani ya chombo kingine chenye maji.

4. Sugua ukuta wa ndani wa chupa kwa brashi au kitambaa na sabuni, hasa pale maji yanapoishia. Ikiwa mdomo wa chupa ni mwembamba na mkono hauingii, tia mchanga kidogo, sabuni na maji, utikise kwa nguvu, kisha suuza vizuri.

5. Jaza maji mapya na uzibe mdomo wa chupa kwa pamba au kitambaa kuzunguka shina, ili mbu asipate pa kuingilia.

Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe kila baada ya kunywesha, au vijazwe mchanga unaofyonza maji. Vyombo vya kukingia maji ya kiyoyozi vimwagwe kila siku. Familia isiyoweza kufuata ratiba hiyo ni afadhali iuhamishie mmea kwenye udongo. Hauhitaji kuishi ndani ya maji, na katika udongo hustawi zaidi.

Wakazi wakumbuke pia kwamba Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozaliana mbu kuwa kero kwa afya, na maafisa wa afya ya umma wana mamlaka ya kukagua na kuagiza yaondolewe. Afisa au mhudumu wa afya ya jamii anapofika nyumbani na kuuliza kuhusu mapipa na chupa za maua, anafanya kazi ya kuilinda familia hiyo na majirani zake. Mbu huyu haruki mbali, hivyo anayeugua kwanza mara nyingi ni mwenye nyumba na jirani wa karibu.

Mtu mwenye homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa na nyuma ya macho, maumivu ya misuli na viungo, au vipele, afike katika kituo cha afya apimwe. Asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, kwa kuwa dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa na damu iwapo ni dengue. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa na damu puani au kwenye fizi, na uchovu uliopita kiasi ni dalili za hatari, na mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hata kama homa imeshuka.

WATOTO NA WANYAMA

Pothosi ni wa ukoo mmoja na nduma, au majimbi kama wengine wanavyoyaita. Aliyewahi kumenya nduma mbichi anaujua muwasho wake mikononi. Muwasho huo hutokana na fuwele ndogo za oksaleti ya kalsiamu, zenye ncha kama sindano. Nduma huliwa baada ya kupikwa vizuri. Pothosi hauliwi kabisa, upikwe usipikwe, wala haufai kuwa dawa ya kuchemsha.

Mtoto akitafuna jani, fuwele hizo humchoma mdomoni. Atalia, atatokwa na mate mengi, na midomo au ulimi unaweza kuvimba. Mara nyingi uchungu wenyewe humfanya ateme, na hali hutulia baada ya saa chache. Hata hivyo, mzazi afanye yafuatayo mara moja: atoe vipande vilivyobaki mdomoni kwa kitambaa safi chenye maji, amsuuze mdomo, na ampe maji baridi au maziwa kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza. Asimlazimishe kutapika. Mtoto akionyesha dalili ya kushindwa kumeza au kupumua, au uvimbe ukiongezeka, akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu pamoja na jani la mmea wenyewe ili mhudumu aone ni mmea gani.

Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15 na umwone daktari ikiwa maumivu yataendelea. Wenye ngozi laini wavae glavu au wanawe mikono kwa sabuni baada ya kukata mmea.

Paka, mbuzi na sungura wanaofugwa nyumbani pia huumia. Kwa sababu hiyo mmea uning'inizwe juu, na mashina yanayofika sakafuni yakatwe kabla hayajamfikia mtoto anayetambaa. Chungu kilichotundikwa kifungwe kwenye ndoano imara. Chungu cha udongo kilicholowa ni kizito, na kikianguka juu ya mtoto madhara yake ni makubwa kuliko ya jani.

JE, MMEA HUU HUSAFISHA HEWA?

Maneno haya husikika sana kwa wauzaji, na chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1989 uliofanywa na shirika la anga la Marekani, NASA. Watafiti waliweka mimea, ukiwemo pothosi, ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa na kuona kwamba baadhi ya kemikali za hewani zilipungua. Lakini nyumba si kisanduku kilichofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikokotoa kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayobadilishwa na madirisha na nyufa za kawaida.

Jambo hili lina uzito kwa familia zinazopikia makaa ndani ya chumba kimoja. Mmea hauondoi moshi wa jiko, wala hauondoi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Anayepika kwa makaa apikie nje au afungue madirisha na mlango, na jiko lisiingizwe chumbani usiku hata kukiwa na mvua. Mmea uwekwe kwa ajili ya uzuri na utulivu wa macho. Kazi ya hewa ni ya dirisha.

MMEA UNAPOUGUA

Majani ya chini yakigeuka manjano huku udongo umelowa, maji yamezidi. Acha udongo ukauke. Ikiwa shina limelainika karibu na udongo, kata sehemu nzima iliyo juu na uianzishe upya kama kipandikizi. Majani yakijikunja na kulegea huku udongo umekauka hadi kuachana na ukuta wa chombo, una kiu. Weka chombo chote ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, kisha kitoe.

Matone ya maji kwenye ncha za majani asubuhi si ugonjwa. Mmea hutoa maji ya ziada usiku, na ni ishara ya kupunguza kunywesha.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani ni wadudu waitwao vidung'ata. Hufyonza utomvu na kuacha majani yakinata. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha nyunyizia maji ya lita moja yaliyochanganywa na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji na kingine cha mafuta ya mwarobaini. Rudia kila wiki kwa wiki tatu. Mmea wenye wadudu utengwe na mingine. Dawa kali za shambani zisipuliziwe ndani ya nyumba.

USITUPE OVYO

Mmea unaoota kila mahali unaweza kugeuka adha. Pothosi umekuwa gugu vamizi katika nchi kama Sri Lanka, na pia Hawaii na Florida nchini Marekani, ambako hupanda juu ya miti ya asili na kufunika ardhi ya msitu. Pwani ya Kenya ina mvua, joto na miti ya kupandia, na ina misitu isiyo na badala, zikiwemo Kaya za Mijikenda zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia.

Kwa hiyo vipande vilivyokatwa visitupwe kichakani, kando ya mto wala karibu na mikoko. Vianikwe juani juu ya saruji au bati mpaka vikauke kabisa, kisha vitiwe kwenye mboji au taka. Pia usiuache upande mwembe au mnazi wa uani kwa kuwa unapendeza. Baada ya miaka michache kuuondoa itakuwa kazi ya panga.

RATIBA FUPI YA NYUMBANI

Kila wiki: pima udongo kwa kidole, badilisha maji ya chupa na kusugua ndani, mwaga visahani.

Kila wiki mbili: futa majani, angalia wadudu chini ya majani na kwenye maungio.

Kila mwezi: kata mashina yanayofika chini, geuza chombo ili kila upande upate mwanga, mimina maji matamu mengi ikiwa unatumia maji ya kisima.

Kila miezi mitatu: ongeza samadi iliyooza, kagua ndoano na kamba za kutundikia.

Kila mwaka: tazama matundu ya chini ya chombo. Mizizi ikionekana, hamishia chombo kikubwa zaidi.

Wakazi wenye maswali kuhusu udongo, samadi na wadudu wa mimea wanaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao. Anayeona viluwiluwi katika vyombo vya maji nyumbani au katika ploti anamopanga amjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake au afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo. Wanaoishi katika ploti moja washauriane wachague siku moja ya kumwaga na kusugua vyombo vyote, kwa kuwa chupa moja iliyosahauliwa kwenye roshani moja inatosha kuwasumbua wapangaji wote.